Shanga za Sagesse

Mama Sagesse alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko hata zile amri kumi: masalio ya gauni la bibi harusi ni ya bibi harusi. Hayauzwi, hayagawiwi, na hayashonewi juu ya gauni la mwanamke mwingine. Alifundishwa hivyo Bukavu na fundi aliyempa kazi yake ya kwanza, akaja na sheria yake mpaka Johannesburg, kwenye chumba cha kushonea alichokodi Doornfontein pamoja na mafundi wawili wa suruali. Kila shanga iliyobaki, kila puleki, kila kipande cha lesi alikitia kwenye chupa ya jemu yenye jina la mwenyewe, akaipanga chupa kwenye rafu juu ya cherehani. Wale mafundi wa suruali walimcheka mpaka wakachoka.

Desemba ikifika, kila mtu alirudishiwa mali yake. Si kwa chupa, kwani nani anataka kupewa chupa ya jemu siku ya Noeli? Alizitengenezea kadi. Alichukua zile karatasi ngumu zinazokaa ndani ya majora ya vitambaa, akazikunja na kuzikata dirisha la umbo la nyota, dirisha akaliziba kwa nailoni ya pakiti za mashati. Nyuma ya nailoni alizungushia ukuta mwembamba wa sponji, ile inayobaki ukishakata pedi za mabega. Humo ndani alimwaga shanga na puleki, akanyunyiza poda ya mtoto kidogo ili zisigande, kisha akafunga mgongo kwa gundi na kipande cha satini. Ukiitikisa kadi, vitu vinakimbia huku na huku na kutoa sauti. Chini ya dirisha alichora paa la nyumba na mlima, ili shanga nyeupe ziwe theluji inayoanguka. Theluji yenyewe hakuwahi kuiona, na Desemba ya Johannesburg ni jua la kuunguza asubuhi na radi jioni, lakini Noeli bila theluji aliiona haijakamilika.

Jina lake hasa ni Jocelyne. Kwa desturi ya kwao, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na yeye wa kwanza ndiye alikuwa wa pekee. Baba wa mtoto, François, alifariki kabla hawajazoea mji. Kwa hiyo Sagesse alikulia chini ya meza ya kushonea, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchambua shanga zilizoanguka sakafuni. Akawa hodari kupita kiasi. Walikuwa na mchezo wao: mama anatikisa chupa, mtoto amefumba macho, anataja jina la bibi harusi. Hakukosea. Kioo kinalia hivi, plastiki inalia vile, alisema, akishangaa kwamba watu wengine hawasikii.

Alipokuwa msichana mkubwa alimleta Othmani nyumbani Bellevue. Othmani ni Mrundi wa Buyenzi, kijana mpole aliyekuwa akiuza vifaa vya simu kwenye duka la Wasomali huko Mayfair, na ni Mwislamu. Jocelyne aliongoza kwaya ya akina mama. Nasema kwaya, lakini ile ilikuwa mahakama. Akina mama walimuuliza kama kweli ataweza kusimama mbele na kuimba huku binti yake akifunga ushungi. Angeweza kuwaambia wafunge midomo yao. Hakusema hivyo. Alirudi nyumbani na kumwambia Sagesse achague, mama au Othmani.

Sagesse alichagua, kisha akafanya jambo lililomshangaza mama yake: akaomba mama amshonee gauni. Alichagua shanga mwenyewe, za kioo, nyembamba na ndefu mfano wa punje za mchele, rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Jocelyne alilishona, mikono mirefu mpaka kwenye vifundo kama alivyotakiwa, na ninyi mkitaka kujua kama alimpenda binti yake, mngeliona lile gauni. Kisha akalikunja, akampa Tumu, msusi wa nywele na rafiki wa Sagesse, alipeleke Mayfair. Siku ya ndoa yeye alikaa Doornfontein akikunja pindo za mapazia. Hiyo ilikuwa mwaka 2016. Chupa yenye jina la Sagesse ikabaki kwenye rafu, na Noeli ilipofika kadi za wengine zilikwenda, ya Sagesse haikutengenezwa.

Mwaka uliofuata ndipo lilipotokea jambo lenyewe. Bibi harusi mmoja, Yolande, alikuja kujaribu gauni lake akataka kifua kijazwe shanga zaidi, na shanga zikaisha kabla kifua hakijaisha. Harusi ilikuwa imekaribia, na yule mwenye duka la shanga mjini alikuwa amefunga na kuondoka. Jocelyne alitazama rafu. Asubuhi ile ile kwenye kwaya walikuwa wamemuuliza tena habari za mtoto wake, naye, kwa hasira na kwa kuchoka, alijibu kwamba hana mtoto. Basi kama hana mtoto, chupa ile ni ya nani? Aliishusha, akaifungua, akazishona shanga zote za Sagesse kwenye kifua cha Yolande. Gauni likapendeza sana. Aliosha ile chupa, na tangu siku hiyo hakupenda kuinua macho kuitazama rafu.

Mwisho wa mwaka 2018 alikutana na Tumu mtaa wa Rockey, na Tumu, ambaye hajui kuficha neno, alimwambia kwamba Sagesse amejifungua mtoto wa kike na arobaini imeshapita. Jocelyne aliishika nguzo ya taa. Kwao, binti akizaa, mama yake ndiye anayekwenda kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, na kumpokea mtoto mikononi kabla hata shangazi hajafika. Mwanawe alikuwa amekandwa na watu wengine, akiwa na mama mzima upande wa pili wa mji uleule. Aligeuka akaondoka bila kuaga, na Tumu akadhani amechukia.

Alitaka kumshika mjukuu wake, basi, hakutaka kingine chochote duniani. Lakini hakujua aingie vipi kwenye ile nyumba. Ndipo akaikumbuka kadi. Kila bibi harusi anastahili kadi yake. Angekwenda kama fundi anayerudisha mali ya mtu, na fundi akishakaa, mama naye angepata nafasi ya kusema. Alizunguka maduka ya mjini akitafuta shanga ndefu za kioo, akaenda mpaka Fordsburg. Alionyeshwa za plastiki. Alionyeshwa za kioo lakini nyeupe pe. Wauzaji walimwambia zile za zamani haziji tena.

Rafuni kulikuwa na chupa ya Emérite, bibi harusi wa mwaka ule, ambaye shanga zake zilikuwa za kioo na rangi karibu ileile, ila fupi kidogo. Jocelyne alizichukua. Alijiambia kwamba mtu anayenyonyesha hana muda wa kupima urefu wa shanga. Aliitengeneza ile kadi kwa uangalifu kuliko zote alizowahi kutengeneza. Hakuandika Noeli, asije akamuudhi mkwe; alichora paa, mlima na dirisha dogo lenye taa. Alikata satini mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilienda upande.

Jumapili hakwenda kwaya, akavaa kitenge alichoazimwa na Agnès, jirani yake wa chumba cha pili, akaenda Mayfair. Othmani alimfungulia mlango. Kama angemfokea ingekuwa nafuu, lakini alimwamkia shikamoo, akampokea mkoba, akamkalisha kwenye mto mzuri na kwenda kuchemsha chai mwenyewe. Sagesse alitoka chumbani amejifunga ushungi wa kijani, amenenepa kidogo, mzuri. Walisalimiana. Waliulizana habari za afya, na wote wawili wakasema ni nzuri. Mtoto alikuwa amelala.

Jocelyne akamwambia amemletea kadi yake, amechelewa, amsamehe. Sagesse aliipokea kwa mikono miwili, na uso wake ukafunguka kabisa, ukawa ule uso wa mtoto wa chini ya meza. Akasema yeye hasherehekei Noeli sasa, lakini kadi hii alikuwa anaingoja. Akaisogeza sikioni, akaitikisa.

Akaitikisa tena. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

“Mama, hizi haiko zangu.”

Jocelyne alisema labda poda imezidi, ndiyo inayobadilisha sauti. Uongo wa namna hiyo hata mtoto mdogo angeuonea haya.

“Zangu ziko wapi?”

Basi akamweleza. Alimweleza habari za Yolande na kifua kisichojaa, duka lililofungwa, mwezi na mwaka, alichosema kwaya asubuhi ile, na jinsi alivyoosha chupa. Alimwambia pia kwamba hizi ni za Emérite. Alieleza kwa kirefu, kwa sababu aliogopa kunyamaza. Othmani, aliyekuwa ameingia na sinia la chai, aliliweka chini polepole na kukaa bila kumtazama mtu.

Sagesse hakulia. Alisema kwamba kila Desemba alimwambia mume wake asihangaike, mama amekasirika lakini chupa iko kwenye rafu, na siku atakayokuja atakuja nayo. Siku anajifungua, alipokuwa anaita mama na mama hayupo, alijituliza kwa hilo hilo.

“Nilikuwa najua unazichunga,” alisema. “Hata ungekataa kuniona, nilijua shanga zangu unazichunga.”

Aliilaza kadi kwenye mapaja ya mama yake, kwa adabu, kama anavyorudishiwa mteja.

“Umurudishie Emérite. Ni wewe ulinifundisha.”

Hapo mtoto akalia chumbani. Jocelyne alijikuta amesimama, mikono ameinyoosha kabla hajajua anafanya nini. Sagesse alimwambia akae, anywe chai, isipoe. Akaingia na kufunga mlango, taratibu. Sauti ya mtoto ikapanda kidogo, kisha ikakatika kama inavyokatika mtoto akishapata ziwa. Jocelyne alibaki na kikombe mkononi akiutazama mlango. Othmani alitazama zulia. Kisha alisema kwa sauti ya chini kwamba ampe Sagesse siku, roho yake itarudi, na yeye mwenyewe alionekana kutoamini sana anachosema. Mlango haukufunguliwa. Akamsindikiza mama mkwe wake mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, akamsimamishia teksi ya abiria wengi, akamwombea safari njema.

Ndani ya teksi, kila ilipopita kwenye shimo, ile kadi ililia ndani ya mkoba. Abiria mmoja aligeuka kutafuta sauti inatoka wapi. Jocelyne aliubana mkoba kwapani, machozi yakamtoka, na hakuona sababu ya kuyafuta.

Agnès alikuwa jikoni akisonga fufu. Alipomwona aliacha mwiko, akafuta mikono, akataka kusikia kila kitu. Aliuliza kama mjukuu ni mweupe au mweusi, kama ana nywele nyingi, amefanana na nani. Jocelyne alivua kitenge cha watu, akaanza kukikunja.

“Na mutoto,” Agnès akasema, “jina yake nani?”

Jocelyne alikikunjua kitenge, akaanza kukikunja upya. Alikuwa ametaja Yolande pale Mayfair, ametaja Emérite, ametaja mwezi na mwaka. Jina la mjukuu wake hakuliuliza.