Vumbi la Mvule

Wateja walimwita Fundi Randa kwa sababu ubao ukipita mikononi mwake ulitoka laini kama shavu la mtoto. Kazi yake ilikuwa makabati ya mvule. Kila alipopiga msasa alifunga madirisha ya karakana, maana mama jirani alianika nguo nje, na Fundi hakuwa mtu wa kuchafulia watu. Vumbi lote likabaki naye humo ndani, likimkaa hadi kwenye kope.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyefanya naye kazi, alijifunga kitambaa puani. Fundi alikataa katakata.

"Nikiziba pua nitajuaje ubao umekauka? Mvule unanuswa, shemeji!"

Kifua chake kilipoanza kubana na kutoa mluzi kila akivuta pumzi, walikifanyia mzaha.

"Sikia filimbi hiyo!" shemeji alisema. "Refa, mpira umeisha?"

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamlaza juu ya meza ya kazi.

Mkewe alimshuku paka, akamgawa. Akafua mapazia, akaanika mito. Wapi! Ila walipokwenda kumuuguza mama mkwe, wakakaa huko mwezi mzima, Fundi alilala fofofo. Aliporudi karakanani, hata ubao wa kwanza haujaisha, pumzi zikamkatika.

"Ni pumu, na imeletwa na vumbi la mbao," daktari alimwambia. "Dawa ya kuvuta itakusaidia. Lakini ukirudi kwenye vumbi hilo, ipo siku haitafua dafu."

"Mimi sijui kazi nyingine, daktari."

Mkewe alimshika mkono. "Baba watoto, sisi tunakutaka wewe. Makabati hatuyataki."

Akaacha. Siku hizi anashinda kibarazani, mikono mitupu mapajani. Shemeji akitoka kazini husimama ng'ambo ya barabara, kwani siku moja alikuja na nguo za kazi, wakakumbatiana, na vumbi la shati tu likamfikisha Fundi hospitali.

"Leo umetengeneza nini?" Fundi anapaza sauti.

"Kabati la milango mitatu! Ngoja nikaoge, nakuja."

"Subiri kwanza. Bawaba umezipachika vipi?"

Na shemeji, njaa inamuuma, miguu imekufa ganzi, anasimama kule kule juani akizieleza bawaba moja baada ya nyingine, magari yakipita kati yao.