Mama Dany na Nguzo ya Taa

Nianze na kosa langu, msomaji asije akadhani nimekaa hapa kuwasema wengine. Siku ya mkutano wa taa nilikuwa na kalamu, nilikuwa na daftari, nilikuwa na mdomo wangu mzima, na nilinyamaza. Naitwa Laurent. Nimefundisha hesabu miaka thelathini hapa Bunia, mashariki ya Kongo, na watu wa avenyu yetu ya Nyakasanza wananiita mwalimu mpaka leo. Jina hilo siku hizi linanichoma.

Lakini habari si yangu. Ni ya Domitille, ambaye sote tunamwita Mama Dany.

Alitufikia wakati wa vita akitoka Aveba, kwa miguu, na mtoto mmoja wa kiume aliyemshika mkono njia nzima. Mumewe alibaki huko chini ya udongo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya nne, na kanisani aliimba sauti ya pili vibaya kabisa bila aibu yoyote. Alikodi kishamba pembezoni mwa mji, akalima maharage na muhogo. Asubuhi alikaanga mandazi. Ukimtania alikujibu papo hapo, na ukimwita mwanawe bubu ulikuwa umejitafutia vita yako mwenyewe.

Dany hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka minne, homa ya uti wa mgongo ilimwacha hai lakini ikaondoka na masikio. Shule ya watoto wasiosikia hawakuwahi kuiona. Kwa hiyo mama na mwana walijitengenezea lugha yao, wawili tu, kwa mikono. Mvua ilikuwa na alama yake, njaa alama yake, Aveba alama yake. Mimi nilikuwa kidole gumba kikisuguana na kidole cha kwanza, kama mtu ameshika chaki. Shefu wetu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, muzee Anselme, alikuwa mtu anayevuta ndevu, na alipoambiwa hivyo alinuna wiki nzima. Domitille aliijua lugha ile hadi mzaha wake. Niliwahi kuwaona wakisengenya watu kanisani katikati ya mahubiri, mikono chini ya kitenge, wote wawili wakijizuia kucheka.

Akiwa na miaka ishirini na sita, Dany alikuwa fundi wa viatu katikati ya mji, kwenye baraza ya duka la misumari karibu na soko. Wachimba dhahabu walimletea mabuti yaliyopasuka, na akishashona yeye hayapasuki tena pale pale. Kazi nyingi zilikuja jioni, hivyo alirudi nyumbani giza likiwa limeshaingia.

Na giza letu lilikuwa giza kweli. Pale kwenye boulevard, barabara kuu ya mji, wenye maduka makubwa waliwasha jenereta, ukaona taa mbele ya milango yao. Ukiacha boulevard hatua ishirini tu, unaweza kumsalimia mbuzi ukidhani ni shemeji yako. Miaka ile watu walisema kuna amani. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini, ingawa upande wa Gety zilikohoa kila baada ya miezi michache, na baadhi yake zilikuwa zimeshuka mjini na kuanza kuiba usiku. Ndiyo maana vijana wa avenyu walifanya doria, wakikaa kwenye kona ya daraja dogo, pale mji unapoingia mtaani kwetu. Kanuni yao ilikuwa nyepesi. Mtu akija, anaulizwa mara tatu, "Ni nani?" Asipojibu ni mwizi. Filimbi inapigwa, na nyumba zote zinapiga sufuria, hata mtoto, hata mgonjwa, ili mwizi ajue mtaa mzima uko macho. Kanuni hiyo ilituokoa mara nyingi, siwezi kukana.

Sasa mweke Dany mbele ya kanuni hiyo. Anaulizwa mara tatu, hasikii. Akijibu, anajibu kwa mikono, na mikono gizani ni sawa na hakuna.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Domitille alimpa Dany tochi, lakini mkono mmoja ukishika tochi, mwingine unasema nusu ya neno. Aliwapelekea vijana wa doria mandazi, akawaonyesha mwanawe uso kwa uso mchana, wakamjua. Kumbe doria ilizunguka, wiki hii avenyu yetu, wiki ijayo avenyu ya chini, na wale wa chini hawakumjua. Mwishowe akaamua kumfuata mwenyewe kila jioni. Alimaliza shamba, akapika, akaenda mjini, akarudi ameshikana naye mkono, na pale kwenye kona akajibu kwa niaba yake: "Ni siye, Mama Dany na mutoto." Hivyo kila siku, mwaka mzima, hata miguu ilipovimba.

Ndipo mradi mmoja ukaahidi nguzo za taa za jua kwa katikati ya mji. Karibu zote zilikuwa zimeshapangiwa boulevard. Moja ilibaki, na sisi wa avenyu tukaambiwa tuchague pa kuisimamisha, kwenye mlango wa soko au kwenye kona ya daraja. Tulikutana siku ya Mungu baada ya misa, katika darasa langu la zamani, watu wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto.

Domitille alisimama wa kwanza. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu.

"Bazee na bamama, miye sina maneno mingi," alisema. "Mutoto wangu anasemaka na mikono. Mukimuuliza mu giza, hasikie. Akijibu, hamumuone. Muniwekee ile taa kwa kona. Moja tu."

Wengine walicheka kidogo, si kwa ubaya, ni vile watu wanavyocheka mtu akiomba kitu cha umma kama anaomba chumvi. Muzee Anselme hakucheka. Alisimama taratibu, akamjibu kwa heshima, na hilo ndilo lililotumaliza, kwa sababu maneno yake yalikuwa na akili.

"Mama Dany, siye tulibaki hai juu ya giza. Wakati ya vita, nyumba yenye kuwa na taa ndiyo ilipigwa ya kwanza. Kwa kona bijana beko mu giza, mwizi anatoka kwa mwangaza, haone kitu, bo banamuona. Ukiweka taa pale, bijana ndio batauawa. Taa iende kwa soko."

"Na wangu, papa?" aliuliza Domitille. "Ule si kijana ya hapa?"

Muzee alitazama chini. Nafikiri laiti mtu mmoja mwingine angesimama, angelegea. Domitille alinigeukia mimi.

"Mwalimu, weye unamujua Dany. Sema basi kitu."

Nilijua la kusema. Vijana hawauawi na taa, wanaweza kukaa nyuma ya taa, gizani, na anayekuja akaonekana wazi. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Lakini muzee Anselme ndiye baba wa mke wangu, Geneviève. Kwetu mkwe hampingi baba mkwe mbele ya watu. Unaweza kumfuata nyumbani usiku, ukaongea naye kwa sauti ya chini ukiwa umebeba kitu mkononi, lakini kumpinga hadharani ni kumvua nguo. Nililelewa hivyo. Nikaangalia daftari langu.

"Mama Dany," nikasema, "tutarudilia hii maneno mwezi yenye kuya."

Watu wakainua mikono. Taa ikaenda sokoni. Domitille alikaa, akafunga kitenge chake vizuri, hakulia. Afadhali angenitukana.

Na usiku ule je, nilimfuata mkwe wangu nyumbani? Sikumfuata. Badala yake nilitafuta cha kutuliza roho yangu. Nilichukua kipande cha karatasi ngumu, nikaandika kwa herufi kubwa: NAITWA DANY. SISIKII. NINAKAA NYAKASANZA. Nikakifunga kwenye plastiki, nikampelekea Domitille, nikamwambia Dany akiweke mfuko wa ndani wa jaketi, akisimamishwa akitoe. Alinishukuru. Alishika mikono yangu yote miwili, akaniambia, "Mungu akubariki, mwalimu." Nami nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyefanya jambo.

Wiki tatu baadaye Domitille alishikwa na malaria. Jioni ile alijaribu kuvaa viatu aende mjini, akaanguka mlangoni, jirani akamrudisha kitandani. Alimwambia jirani kwamba Dany atalala huko huko barazani akiona yeye hajaja, kwani walikuwa wamekubaliana hivyo. Halafu homa ikamchukua, akasinzia.

Dany alimngoja. Alipoona mama hatokei, hakulala barazani. Aliogopa kwamba mama amepatwa na kitu, akaondoka mbio kurudi nyumbani. Mtoto wa kumpenda mama kiasi hicho, utamlaumu kwa nini?

Doria ya wiki ile ilikuwa ya avenyu ya chini. Walisikia miguu inakimbia. Waliuliza mara tatu. Kisha wakammulika machoni na tochi, hivyo yeye hakuona midomo wala mikono yao, aliona weupe tu. Akafanya kama nilivyoagiza. Aliingiza mkono haraka ndani ya jaketi.

Filimbi ikalia. Nilikuwa mezani. Niliruka, nikanyakua sufuria na mwiko, nikapiga. Mke wangu alipiga. Mtaa wote ulilia vyuma, kutoka kanisani mpaka darajani. Na Domitille, na homa yake, aliamka, akashika sufuria ya mandazi, akasimama mlangoni akapiga kwa nguvu zake zote. Jirani alimwona. Alipiga kwa muda, mtu aliyejifunza kupiga kama sisi sote, kabla homa haijampisha kidogo akakumbuka kwamba kitanda cha pili ndani ya nyumba kilikuwa kitupu na kwamba mwanawe si mtu wa kukaa mjini bila habari yake.

Aliacha sufuria ikianguka. Nilimsikia akipita mbele ya nyumba yangu, pekupeku, akipiga kelele: "Ni wangu! Muache! Ni mutoto wangu!" Lakini nani angesikia, na sufuria zote zile?

Nilipofika kwenye kona alikuwa amemlalia juu, amemfunika kwa mwili wake. Vijana walikuwa wamesimama kando, fimbo mkononi. Mmoja wao alilia.

"Mwalimu, aliingiza mukono mu jaketi. Tulimuuliza mara tatu. Mara tatu! Tulifikiri ni bunduki, tukapiga mikono."

Karatasi yangu ilikuwa kwenye tope, imeandikwa vizuri. Niliiokota kabla watu hawajaiona. Ndiyo, nilifanya hivyo pia, na nimeamua kuliandika.

Dany hakufa. Kichwa hakikuguswa sana, kwani walifuata mikono tu, mikono waliyodhani ina silaha. Daktari alikaa naye saa nyingi na alifanya alichoweza. Mifupa ya mkono wa kulia ilikuwa imesagika. Wa kushoto ulibaki na vidole viwili vinavyokunjika. Sindano ya viatu hakuishika tena.

Muzee Anselme alikwenda kwa Domitille na jogoo mweupe, akakaa chini kwenye mkeka, mzee wa miaka ile, akaomba msamaha. Domitille alimpokea jogoo, akamwitikia salamu tu. Tangu siku ile mkwe wangu hakupumzika. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine na fimbo yake, akawafokea, akawabembeleza, mpaka baada ya miezi miwili nguzo ikaletwa kwenye kona. Alichanganya saruji kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alikuwa anayazoa.

Jioni ya kwanza taa ilipowaka, mtaa wote ulitoka. Akina mama walipiga vigelegele. Mwangaza ulikuwa mkali hata ungeweza kuokota sindano chini. Wale vijana wa avenyu ya chini walikuja pia, wakasimama pamoja, hawajui waweke wapi macho. Kisha Domitille akaja na Dany, shati safi, mikono imefunguliwa bandeji. Alimsimamisha chini ya nguzo, katikati yetu, akamgusa kidevu. Hata mimi nilijua maana yake: sema.

Dany alitutazama mmoja mmoja. Akaanza. Mkono wa kulia ulipanda kifuani, ukageuka, ukashuka. Vidole viwili vya kushoto vilijaribu kukunjika pamoja na vile visivyokunjika. Akarudia tangu mwanzo, kwa haraka zaidi, kwa hasira, uso ukitoka jasho. Yalikuwa maneno marefu. Tuliona kila kitu, makovu, kucha, nyuzi za daktari zilizoacha alama, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kando.

"Mama Dany," muzee Anselme aliuliza polepole, "anasema nini?"

Domitille alikuwa ameinama karibu na ile mikono, macho yake hayapepesi. Alijaribu kwa mikono yake mwenyewe kufuata, akaacha, akajaribu tena.

"Sijue, papa," alisema. "Siko namusikia tena."

Dany alikuwa bado anasema.