Balozi Aliyetaka Kukata Maneno

Siku ile huwa naikumbuka kwa viatu vya balozi wa nchi ya nje, mwanangu. Alitoka navyo kwake vikiwa vyeusi vya kung'aa, lakini matope ya mtaa wetu wa Soweto West hayana adabu kwa mgeni. Alipofika uwanja wa kanisa letu kwenye mkutano wa kutupatanisha, usingejua rangi ya viatu vile. Tukampenda papo hapo.

Ilikuwa miaka ile vyama vingi viliporudi. Majirani tuliochota maji mfereji mmoja hatukuwa tukisalimiana tena: sisi wa kutoka Magharibi na chama chetu, Wakamba na chama chao. Nami, masikini, moyo wangu ulikuwa kwa Kyalo, kijana wa Kikamba kutoka Kitui. Baba Mdogo aliyenilea alikuwa ameapa kwamba hatapokea posa ya watu wa chama kingine. Sijawahi kumwomba Mungu kama nilivyoomba mkutano ule wa amani ufaulu.

Balozi alikuwa amejifunza Kiswahili vitabuni. Akasimama, akatabasamu, akasema, "Ndugu zangu, nimekuja ili leo tukate maneno."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwenye vitabu vyake, kukata maneno ni kulimaliza jambo mkakubaliana. Lakini sisi tulikuwa tumefungwa midomo miaka mingi, na ndio kwanza tulikuwa tumeanza kuongea.

Baba Mdogo akaruka juu. "Ati tukatwe maneno? Wacha! Tumenyamazishwa miaka yote, na huyu pia anakuja na makasi?"

Watu wakaanza kuinuka, wa pande zote mbili. Nikaiona arusi yangu ikiondoka nao.

Ndipo Mzee Mutua, mshenga wa akina Kyalo, akainua kofia yake. "Balozi, pole. Hebu tuambie, unataka kukata nini?"

"Ugomvi, mzee," balozi akajibu, jasho likimtoka. "Maneno ni yenu. Mimi ni mgeni tu."

Mzee akamgeukia Baba Mdogo. "Umesikia? Umekasirikia kitu hujauliza. Sasa mimi nikikuja kwako na posa, utanifukuza kabla nifungue mdomo?"

Uwanja mzima ulicheka, na Baba Mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jioni hiyo tulichota maji tukisalimiana, na Mzee Mutua alipobisha mlangoni kwetu wiki iliyofuata, Baba Mdogo alimpokea kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili wa Ayany: "Karibuni! Leo tukate maneno!" Kyalo ndiye huyo mzee anayekoroma kwenye kiti hapo.

Mabalozi huandikwa katika historia kwa mikataba waliyotia sahihi. Mimi wangu namkumbuka kwa kuwa aliulizwa, akajibu bila kuona haya. Neno la mtu likikuchoma, mwanangu, usiinuke kwanza. Muulize anamaanisha nini. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe masikio mapana. Na siku ulimi wako utakapojikwaa, maana utajikwaa, akuwekee karibu mtu wa kukuuliza kabla wengine hawajaondoka.