Nazibrola, Mhesabu Ndege Anayeshukiwa Mlimani na Kijijini

Saa nne asubuhi, juu ya kilima cha Sakhalvasho, Nazibrola Shainidze amegandisha jicho kwenye darubini. Ndege mkubwa wa kahawia anaibuka juu ya mashamba ya chai.

"Mbawa bapa, kichwa kidogo kama cha njiwa. Mla-nyigu," anatamka.

"Mimi naona shakivale," anasema Levani, mhesabu mwenzake, akitaja ndege mwingine anayefanana naye.

"Shakivale hupaa kainua mbawa juu. Hebu mtazame vizuri, bwana."

Levani anamtazama yeye, si ndege.

Nazibrola, miaka hamsini na sita, alikuwa mchuma chai. Huu ni msimu wake wa tisa wa kuhesabu ndege wawindaji wanaohamia kusini. Siku nzuri hupita elfu kumi. Sasa kazi hiyo inaning'inia.

Mara tatu wiki hii, kundi likionekana linapita chini, haikupita muda bunduki zikalia bondeni. Wawindaji wa huku humtaka mla-nyigu kwa mafuta yake, wamle na mkate wa mahindi. Shakivale ni mkavu, hawampotezei risasi. Ni wazi kuna mtu kwenye kituo hiki cha kuhesabia anayewapigia simu, na mkuu wa kituo amempa Nazibrola hadi Ijumaa ajieleze.

"Shemeji zangu wote wana bunduki," anasema. "Ningekuwa mkuu, hata mimi ningemshuku Nazibrola."

Kijijini nako hana raha. Shemeji yake Jemali anaamini anawachongea kwa askari wa wanyamapori.

"Karibu, bibi polisi," alimpokea juzi mlangoni. "Leo umeandika majina ya nani?"

Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii nani huwaita wawindaji, Levani alicheka. "Waulize shemeji zake. Mimi kwetu hakuna hata mwenye manati." Jibu lilikuja haraka mno kwa mtu ambaye hakuulizwa habari za kwao.

Jumanne jioni, akirudi nyumbani, Nazibrola aliokota mtaroni ndege wawili waliopigwa risasi wakatupwa.

"Mla-nyigu usoni ana manyoya magumu ya kumkinga na miiba ya nyigu. Hawa hawakuwa nayo. Shakivale wote wawili."

Aliyewaita wawindaji hakujua tofauti. Karatasi ya hesabu ya Nazibrola ya saa kumi siku hiyo, bunduki zilipolia, inasema shakivale sitini. Ya Levani inasema wala-nyigu sitini.

"Inaniuma. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kumbe hakumaliza somo."

Ndege hao wamo kwenye jokofu lake, chini ya jibini. Ijumaa atawaweka mezani kwa mkuu pamoja na karatasi zote mbili, na ameomba habari hii isichapwe kabla.

"Anaweza kunifukuza kwa ajili ya ukoo nilioolewa. Lakini asiseme ni mimi niliyemwita shakivale mla-nyigu."

Kundi jingine linatokea, likiwa chini sana.

"Dada Nazi, hawa nao ni ndege gani?" Levani anauliza, mkono mmoja mfukoni penye simu.

Nazibrola amekwisha kuwajua: wala-nyigu.

"Bado wako mbali," anajibu, na haandiki kitu mpaka wa mwisho wao avuke mlima.