Siku Storeji Ilipomkana Karisimbi

Kabagwira alikuwa ameapa kwamba siku ya gusaba ya binti yake, yaani sherehe ya kuposwa kwake, hatagusa kompyuta wala kusikia habari zake. Aliapa mbele ya mumewe, Jeremiah, na Jeremiah akacheka kwa sababu anamjua. Basi Jumamosi hiyo asubuhi, nywele zimeshatengenezwa saluni, mushanana, vazi lake la sherehe, umepigwa pasi na kuning'inizwa mlangoni, simu ikaita. Alishaipokea kabla mumewe hajageuza shingo.

"Pole sana kwa kukusumbua, mama," ilikuwa sauti ya Achille, fundi mwenzake wa kazini. "Karisimbi iko inawaka muzuri, lakini volyumu hata moja haionekane."

Karisimbi si mtu. Ni seva ya Unix iliyopewa jina la mlima, iliyoko kwenye jengo moja la Kacyiru, Kigali, na kazi yake ni kutoa picha za eksirei kwa hospitali wanayoihudumia. Picha zenyewe hazikai ndani yake. Zinakaa kwenye storeji, kabati zito lililojaa diski, na nafasi ya diski hizo imekatwa mafungu yanayoitwa volyumu, kila seva ikagawiwa yake. Seva isipoziona volyumu zake, daktari haoni picha. Na asubuhi hiyo Daktari Cynthia alikuwa na mgonjwa aliyevunjika paja, amelazwa tayari kupasuliwa, picha zake zimo humo.

"Nakuja," alisema Kabagwira.

Jeremiah aliacha kucheka. "Wageni wanakuja mchana. Pretty ni mtoto wetu wa pekee, na atatolewa nje mbele ya wageni mara moja tu katika maisha yake. Usipokuwepo, hiyo haitarudiwa."

"Nitakuwepo."

"Amekuomba jambo moja tu, umwone anapotoka."

"Baba Pretty, nimesema nitakuwepo!" Akautia mushanana kwenye mfuko, akatoka na kandambili.

Mtu asiyemjua angedhani anapenda kazi kuliko mwanawe. Si kweli, na wanaosema hivyo hawajawahi kumwona akimfulia Pretty sare za shule saa ambazo wengine wamelala. Kabagwira alizaliwa Mwesi, huko Mpanda, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akasoma Tanzania mpaka akapata kazi katika ofisi moja Dar es Salaam iliyokuwa na mashine ya Unix ambayo kila mtu aliiogopa. Yeye hakuiogopa. Aliipenda kwa sababu haikujali umetoka wapi. Ukiandika amri sawasawa inakutii, ukikosea inakunyamazia. Alipohamia Kigali alikuja na ujuzi huo, Kiswahili chake cha Tanzania, na ukaidi mmoja: haizimi mashine na kuiwasha tena mpaka aelewe imepatwa na nini. Nyumbani anasema Kinyarwanda. Na mashine anasema Kiswahili, tena kwa sauti, na wala haoni haya.

Alimkuta Achille ametoa macho. Kando yake alikaa Auma, Mkenya anayesimamia zamu na kupokea simu za wateja, uso umekunjamana.

"Daktari amepiga tena," Auma alisema. "Nimemwambia fundi ako njiani. Sasa si tuizime tu halafu tuiwashe?"

Kabagwira alimtazama, na Auma akajifanya anatafuta kalamu.

Jana yake kadi ya faiba ya Karisimbi, ile inayoiunganisha na storeji, ilikuwa imeungua, na Achille akaiweka mpya. Kabagwira akaanzia hapo. Akaangalia kebo: taa za kijani huku na huku. Akaingia kwenye swichi iliyo katikati: njia ipo wazi. Akaiuliza storeji kama inaiona kadi mpya ikibisha hodi, ikajibu kwamba inaiona. Akaiamuru Karisimbi itafute diski upya. Ikatafuta, ikarudi mikono mitupu.

"Karisimbi, mwanangu, una nini leo?" alisema. Kisha kwa Achille: "Kadi mpya uliiandikisha kwenye storeji?"

"Niliandikisha, mama. Na jina niliipatia."

"Safi," alisema, akarudi kwenye kebo. Jibu lilikuwa limepita mbele ya macho yake, naye akalipungia mkono.

Alibadilisha kebo nzima. Akajaribu tundu jingine la swichi. Auma alipokea simu ya daktari kwa sauti ya upole uliopitiliza, ile anayoitumia mambo yakiwa mabaya. Jua lilikuwa limeshapanda na nywele za saluni zimeanza kulegea.

Simu yake ikaita. Nyuma ya sauti ya Jeremiah kulikuwa na kelele za watu na vicheko.

"Wameshakaa, Mama Pretty. Kaka Nkusi ameanza mambo yake."

Nkusi ni kaka mkubwa wa Jeremiah, msemaji wa upande wa wenye nyumba, na anayemjua anajua kwamba kumpa Nkusi kipaza sauti ni kujitakia. Katika gusaba wenye nyumba hawatoi binti kirahisi. Kwanza wanakana. Wanasema hawamjui, wanaleta wasichana wengine, wanatafuta makosa katika kila neno la wageni, na wageni wanabembeleza, na watu wanacheka mpaka mbavu ziume.

"Wamemwomba Pretty, kaka akasema hamjui," Jeremiah alieleza. "Kasema nyumba hii ina watoto wengi na kila mmoja ana jina lake, hata la baba haliazimi. Wamtaje kwa jina alilopewa nyumbani, la sivyo hawapewi mtu. Unachelewa, mama. Sijui atawazungusha mpaka lini."

Kabagwira alianza kucheka, halafu akakatiza.

"Nitakupigia," alisema. Akageuka. "Achille! Hiyo kadi uliipa jina gani?"

"Muhabura."

"Kwa nini Muhabura?"

Achille alishangaa kuulizwa. "Storeji iliniuliza, huyu mugeni ni nani? Kadi ni mupya, haijawahi kuwa hapa. Sasa ningeipa jina ya mwingine? Mutoto akizaliwa anapata jina yake."

Auma alipasua kicheko. "Wewe! Kwetu tungeiita Karisimbi Junior na maisha yaendelee."

Alisema kweli. Kwingine mtoto anabeba jina la babake na hakuna anayeuliza. Huku kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na Achille, kwa adabu zote alizolelewa nazo, alikuwa ameibatiza kadi ya seva iliyokuwepo miaka yote kana kwamba ni seva iliyozaliwa jana. Kabagwira alifungua orodha ya storeji, na mambo yakawa wazi. Karisimbi yupo, volyumu zake zote salama chini ya jina lake, lakini kadi yake iliyoandikwa ni ile iliyoungua. Pembeni yupo Muhabura, mwenye kadi nzima, asiye na urithi wowote. Storeji haikuwa mbovu. Ilikuwa inamkatalia mtu isiyemjua, kama ilivyofundishwa.

"Nilikuuliza kama umeandikisha," Kabagwira alisema. "Nilipaswa kukuuliza umeandikisha kwa nani. Hilo ni langu."

Akamfuta Muhabura. Kadi mpya akaiandika chini ya Karisimbi, akaisoma namba yake kwa sauti na Achille akaifuatisha kwa kidole. Halafu akaiamuru seva itafute tena. Volyumu zikaanza kujipanga kwenye kioo, mstari baada ya mstari, zote. Akazifungua, akahakikisha picha zinasomeka, na Auma akampigia daktari kwa sauti yake ya kawaida, yaani ya kupiga kelele.

"Wameiona paja!" alitangaza. "Sasa toka hapa, mama wa bibi harusi!"

Kabagwira alivaa mushanana chooni na akapanda moto, pikipiki ya abiria. Kofia ngumu aliyopewa na dereva ilimalizia kazi ya kuharibu nywele. Kitambaa kilipepea njia nzima mpaka nyumbani Gahanga, na njiani watu wa Kicukiro walimpigia vigelegele wakidhani ni yeye anayeolewa.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, akisikia tangu uani sauti ya Nkusi imekauka kabisa. Alikuwa bado anakana. Alishawaletea wageni wasichana wa jirani, akawaletea bibi mmoja mwenye fimbo, akawatoza faini ya bia kwa kukaa vibaya, na msemaji wao, mzee mwenye subira, alikuwa anajifuta jasho na kuomba msamaha kwa makosa ya babu zake. Vicheko vilikuwa vimeanza kuchoka. Hakuna aliyeelewa kwa nini Nkusi anarefusha, isipokuwa Jeremiah, aliyekaa amekodolea mlango macho.

Kabagwira alipoketi katika safu ya wanawake, Nkusi alimwona. Akanywa maji, taratibu.

"Wageni wetu," alisema, "uzee ni kitu kibaya. Sasa ndiyo nakumbuka. Huyo binti tunaye."

Pazia likafunguliwa. Bibi harusi wa Kinyarwanda hutembea macho chini, ndivyo anavyofundishwa. Pretty aliyainua yake. Akapita nayo safu nzima ya wanawake mpaka akampata mama yake, nywele zimelala upande mmoja, akilia bila kujificha, ndipo akayashusha tena na kuendelea kutembea.