Swali Lililojibiwa na Mama Mkwe

Wodi nzima ilimwita Sista Pole. Alikuwa mkunga wa miaka ishirini na mitatu kazini, mwenye sauti ya chini na mwendo wa taratibu, na neno "pole" lilimtoka hata pale lisipohitajika. Wafanya usafi walikuwa na msemo wao, kwamba Sista akijikwaa kwenye kiti, kiti ndicho kinachopewa pole. Wajawazito walimpenda. Wengine walikuwa wakifika mlangoni na kuuliza kwanza kama yeye yuko zamu, ndipo waingie.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Vitanda vimejaa, mkunga mwenzake ameitwa chumba cha upasuaji, na daktari wa zamu amepita mbiombio akaacha maagizo kwenye mafaili. Faili moja lilikuwa la fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mimba yake ya kwanza, siku kumi zimepita tangu tarehe aliyopewa kliniki na mtoto bado ametulia humo ndani kama mpangaji asiye na haraka ya kuhama. Daktari aliandika aanzishiwe uchungu kwa dawa. Kwa alivyojua yeye hakukosea, maana mimba ikipitiliza sana mtoto anaweza kuchoka akiwa bado tumboni. Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kidogo kinachoyeyushwa kwenye chupa ya maji, mama akanyweshwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Sista Pole alikuwa amewanywesha wanawake wasiohesabika, na karibu wote walitoka na watoto wao mikononi.

Fundi alikuja na mama mkwe wake, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe, aliyebeba kapu la nguo za mtoto na asiyebanduka ubavuni mwa mkamwana wake. Sista Pole alipofunua tumbo ili apime, aliona kovu. Lilikuwa jembamba, limenyooka kutoka chini ya kitovu kushuka. Akauliza ni la nini. Fundi akafungua mdomo, lakini mama mkwe akamtangulia.

"Hilo ni la kidole tumbo, sista. Alipasuliwa zamani, kabla hatujamuoa."

Sista Pole alijua, kama anavyoijua njia ya kwenda kwake, kwamba kidole tumbo kiko upande wa kulia na kovu lake hukaa huko huko kulia. Akamtazama fundi. Fundi alikuwa akitazama ukuta. Kitu kikambishia hodi Sista Pole kifuani, kidogo tu. Lilikuwa ni suala la kumwambia mama mkwe atoke nje kidogo, kisha yeye avute kiti, aulize tena. Mama wa kitanda cha pili akaita kwamba mtoto anakuja. Sista Pole akaandika kwenye kadi, "kovu, kidole tumbo", akaenda.

Aliporudi alikuwa na fomu ya ridhaa. Ilikuwa karatasi ya kurasa mbili, maandishi yake madogo kama chungu waliopanga foleni, naye kwa mazoea aliikunja ikabaki ile sehemu ya sahihi. Fundi alishika kalamu asiandike. Kazini kwake hakuwa mtu wa kukata kitambaa kabla ya kupima mara mbili.

"Hii dawa ina hatari gani, sista?"

"Ni ya kawaida, mwanangu. Tunawapa watu kila siku. Weka sahihi hapo tuanze mapema."

Fundi akaweka sahihi.

Ilikuwa dawa ya kawaida kweli, hakumdanganya. Ila fundi hakuuliza kama ni ya kawaida. Aliuliza hatari, na hatari zilikuwa zimeandikwa kwenye ukurasa uliokunjiwa chini: kwamba uchungu unaweza kuja kwa nguvu kupita kiasi hadi mapigo ya moyo ya mtoto yakashuka, na kwamba mwanamke ambaye kizazi chake kimewahi kukatwa kwa sababu yoyote asipewe, kwa kuwa mshono wa zamani unaweza kuachia.

Saa tatu asubuhi alikunywa mara ya kwanza. Kufikia saa nane mchana uchungu ulikuwa umeshika kasi, mmoja unapanda juu ya mwingine bila nafasi ya kuvuta pumzi. Sista Pole akasimamisha dawa, akamlaza ubavu, akatuma daktari aitwe. Kabla daktari hajafika fundi alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza. Uchungu ukakatika ghafla. Sista Pole akaweka mkono juu ya tumbo na kuhisi umbo la mtoto mahali asipopaswa kuhisika hivyo, karibu sana na ngozi. Alijua papo hapo. Kizazi kilikuwa kimechanika, na lile kovu halikuwa la kidole tumbo.

Hakungoja machela. Alisukuma kitanda mwenyewe, yeye na mfanya usafi, hadi chumba cha upasuaji, huku akipiga kelele kwa sauti ambayo wodi haikuwahi kuisikia. Mtoto alitolewa hai, wa kike, kilo tatu na robo, akapuliziwa hewa kwa muda kabla ya kulia. Mama yake akaongezwa damu chupa nne. Kizazi kilikuwa kimechanika vibaya, kikatolewa. Daktari alipotoka alisema, huku akivua glavu, kwamba kilichanika pale pale kwenye mshono wa zamani. Mtu aliwahi kumtoa uvimbe, na mgonjwa hakusema.

Fundi mwenyewe alilisema siku ya tatu, mama mkwe alipokwenda kufua. Alitolewa uvimbe kwenye kizazi miaka miwili kabla ya kuolewa. Mama yake mzazi alimkanya asiseme ukweni, wasije wakamwona ni mti usiozaa, kwa hiyo wakakubaliana iwe kidole tumbo. Kisha akamtazama Sista Pole kwa macho yaliyozama na kuuliza kama kungekuwa na tofauti yoyote kama wangejua.

Sista Pole alimtengenezea mto. Alimwambia apumzike kwanza, asichoshe kichwa. Akatoka, akaenda kusimama kwenye stoo ya mashuka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alijiona mwongo.

Kikao cha kuchunguza kilifanyika wiki iliyofuata. Faili likafunguliwa, sahihi ya mgonjwa ikaonekana iko mahali pake. Mkuu wa wodi akatingisha kichwa kwa huzuni na kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu ashukuru ameumbuliwa akiwa hai. Wote wakaafiki. Kisha wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba mkunga alitambua tatizo haraka na kuokoa maisha mawili. Sista Pole alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alikuwa na maneno mdomoni, akayameza.

Mbaya zaidi ilikuwa shukrani. Mume wa fundi, dereva wa lori, alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama mkwe akaleta kitambaa kizuri cha rangi ya zambarau na kutangaza mbele ya wodi kwamba mkamwana wake akipata nguvu atamshonea sista gauni kwa mkono wake, na kwamba mtoto amepata jina tayari. Walikuwa wamemuuliza mlinzi jina halisi la Sista Pole, na hilo ndilo watakalompa.

Tangu hapo chakula kilimkataa. Mumewe, mwalimu mstaafu aliyeoana naye tangu ujana, alimuuliza mara mbili ana nini, na mara mbili akasema ni uchovu. Alijitetea moyoni kwa kila njia. Daktari ndiye aliyeagiza. Mama mkwe ndiye aliyejibu. Fundi ndiye aliyenyamaza. Kila utetezi ulikuwa wa kweli, na kila alipoumaliza alijikuta amerudi palepale, amesimama na fomu iliyokunjwa mkononi. Mumewe alipouliza mara ya tatu alimwambia yote. Yule mzee hakumpa moyo wala hakumlaumu. Alisema tu kwamba mtoto akishaitwa jina, jina halivuliki kama kofia, kwa hiyo kama ana la kusema aliseme kabla hawajamwita.

Wiki ya sita fundi alituma ujumbe kwamba sasa anaweza kuketi, sista apeleke kitambaa apimwe.

Kibanda chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, cherehani mbili, meza ya kukatia, na nguo zilizokwisha zikining'inia ukutani zikiwa na vikaratasi vya wenyewe. Mtoto alilala kwenye beseni pana lililotandikwa blanketi. Fundi alikuwa amekonda lakini amechangamka. Alimsimamisha Sista Pole katikati ya chumba, akazungusha futikamba kifuani, akaandika namba kwa chaki, akateremka kiunoni. Alikuwa akieleza mshono atakaoweka mabegani. Mikono yake ilikuwa bado imemzunguka Sista Pole kiunoni pale mkunga aliposema.

"Mwanangu, uliniuliza kama kungekuwa na tofauti. Ingekuwepo. Aliyewahi kukatwa kizazi hapewi ile dawa. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu, na mimi sikukusomea."

Fundi hakuondoa mikono mara moja. Aliitoa polepole, akaanza kuiviringa futikamba kidoleni.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema ni ya kawaida."

"Nilisema hivyo. Na kovu nililiona. Nilijua si la kidole tumbo, nikaandika hivyo hivyo, nikapita."

Sista Pole alikuwa amejiandaa kwa kilio au matusi. Havikuja. Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani, akamgeukia mtoto.

"Nilidhani ni mimi," alisema. "Wiki sita nimelala nikijua kwamba siri yangu ndiyo iliyonikata kizazi. Mama mkwe amenisamehe na mimi sijajisamehe. Ungesema maneno mawili, kwamba aliyepasuliwa anaweza kuchanika, ningekushika sikio nikakunong'oneza hata kama mama yuko pale pale. Aibu gani ingenizuia? Ungeniambia, ningesema."

Sista Pole alisema pole. Neno lilitoka likiwa jepesi kama ganda la karanga, na wote wawili walilisikia lilivyo. Fundi akamwambia aende, na kitambaa achukue. Alipofika mlangoni akamwambia pia kwamba habari hii yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza mume wake, sista asithubutu kutafuta wa kumwombea.

Mtoto akapewa jina la bibi yake.

Mume alipeleka malalamiko hospitali, na Sista Pole, bila kungoja kuitwa, aliandika maelezo kwa mkono wake, kurasa tatu, kovu likiwemo na fomu iliyokunjwa ikiwemo. Mkuu wa wodi alimwita faragha akamuuliza kama ana akili timamu, maana jambo lilikuwa limeshazikwa na yeye ndiye anayelifukua. Akapewa barua ya onyo kali na kuondolewa leba kwa miezi sita. Familia ikalipwa kitu, kiasi gani hakuambiwa. Wenzake wengine waliacha kuketi naye wakati wa chai, kwa kuwa nao walikuwa na fomu zao walizozikunja.

Alihamishiwa kliniki ya watoto, kupima uzito na kuchoma chanjo. Huko ndiko alikokutana na mama mkwe, mtoto mgongoni, katika mwezi wa tano wa adhabu yake. Safari hii mama alikuwa na maneno machache. Alisema mkamwana wake hataki kukanyaga hapo kwa sababu ya yeye sista, ndiyo maana mtoto analetwa na bibi. Alilisema bila ukali, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya barabara. Sista Pole akamweka mtoto kwenye mizani. Alikuwa amenawiri, mapaja yake yana mikunjo, anacheka na kila mtu.

"Na mimi nina langu, sista," mama mkwe alisema huku akimvua mtoto soksi. "Nilijibu swali lisilokuwa langu."

"Mimi ndiye niliyepaswa kukutoa nje, mama."

"Ndiyo. Ulipaswa." Akavua soksi ya pili. "Na mimi nilipaswa kunyamaza. Tugawane hivyo hivyo."

Hawakugawana zaidi ya hapo. Sista Pole aliandika uzito kwenye kadi, akachoma sindano, mtoto akalia, bibi akambeba akaondoka naye.

Miezi sita ilipokwisha alirudishwa leba, kwa sababu wakunga hawatoshi. Siku ya kwanza alikuta mama anayepaswa kuanzishiwa uchungu, mke wa muuza vitabu, ameketi na dada yake. Akamwomba dada atoke nje kidogo. Akavuta kiti. Akamweleza dawa inafanya nini, inaweza kudhuru vipi, na nini kingetokea wakingoja bila kuitumia. Akamuuliza kuhusu upasuaji wowote, wa siri au wa wazi. Kisha akamwomba arudie alichoelewa kwa maneno yake mwenyewe, na alipokosea mahali, akaanza upya. Mama yule hakuwa na siri yoyote. Alifikiri kidogo, akasema sawa, akaomba kalamu, na jioni alijifungua salama mtoto wa kiume.

Wauguzi vijana walimtania kwamba sista amefungua chuo. Daktari wa zamu alilalamika kwamba anachelewesha kazi. Sista Pole hakubishana nao. Alikuwa ametazama saa ya ukutani alipovuta kile kiti na akaitazama tena alipoinuka, na zilikuwa zimepita dakika saba. Hesabu hiyo hakumwambia mtu, hata mumewe.