Kikwembe kilichopima migazi ya Mama Feza mbele ya juge

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni nkambo, bibi muzee wa Kalemie, niko na wajukuu kumi na moja na meno tisa. Yote mutakayosoma hapa niliyaona na macho yangu au nilisimuliwa na waliokuwa pale. Mengine niliyafanya na mikono yangu, na kwa hayo ya mikono musinihurumie.

Mwaka wenyewe siukumbuki kwa namba. Ninaukumbuka kwa sahani.

Ilikuwa wakati wa Zaire, mwaka ule ziwa lilitunyima ndagala, wale dagaa wetu. Tulikula bugali na sombe, bugali na sombe, mupaka watoto wanaanza kulia ukishika tu kinu cha kutwangia yale majani ya muhogo. Kitu kimoja kilikuwa kinaifanya ile sombe ishuke kooni: mafuta ya mawese.

Kwa hiyo kila mwenye mugazi, ule muti wa mawese ambao ndugu zetu wa Kigoma wanaita muchikichi, akawa muntu wa kusalimiwa mara mbili.

Na kwa hiyo bwana yangu Kisimba akakumbuka gafula kwamba kaka yake marehemu aliacha migazi.

Hapo njo kesi ilizaliwa.

Kaka yake alikuwa muntu wa reli. Leo iko Nyunzu, kesho iko Kabalo, nyumbani anapita kama mugeni. Alikufa, akaacha muke, Mama Feza, na binti mumoja, Feza mwenyewe, miaka kumi na miwili. Na ngambo ya muto Lukuga kulikuwa migazi arobaini na miwili. Mistari sita, kila mustari migazi saba.

Kwetu sheria ya wazee ni nyepesi. Udongo ni wa chifu, muti ni wa ule aliyeupanda. Mwanaume akikufa, miti aliyopanda inarudi kwa ndugu zake. Muke wake anabaki na ile aliyopanda yeye.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: nani alipanda?

Kisimba alisema, "Mimi na kaka."

Mama Feza alisema, "Mimi peke yangu."

Na mimi? Mimi nilikuwa muke wa Kisimba. Nilikaa benchi ya Kisimba, nilicheka pale Kisimba alicheka. Nilikuwa ninamuita Mama Feza "Yaya", njo dada mukubwa, sababu alinitangulia kuolewa katika ile familia, lakini nyuma ya mugongo nilimuita majina mengine.

Wazee wa familia walikuja kwake kwanza. Walimukuta chini, anapukuchua ngazi, yale matunda ya mugazi. Wakamuambia kwa upole, "Mama Feza, mwaka ni mubaya. Kamata nusu, nusu irudi kwa ndugu. Mambo yaishe."

Hakuinua hata kichwa.

"Sikupanda nusu," akasema. "Sitakamata nusu."

Kisimba akaruka juu. "Basi enda kwa Leta!"

Alisema vile kumutisha tu. Leta, njo serikali, haikuwa mahali pa kwenda. Leta njo ilikuwa inakuja kwako, na ikija unajificha. Mimi mwenyewe nilipiga makofi, nikasema, "Eeh, aende, tuone atasema kifaransa gani."

Kesho yake asubuhi Mama Feza alishika njia ya mjini, akaenda tribunale ya zone, njo korti ya wilaya.

Munisikilize vizuri hapa, nyinyi watoto wa siku hizi munaoandika humu kwamba muliogopa biro ya serikali. Huyu mama hakujua kusoma A. Hakuwa na avoka wa kumutetea. Hakuwa na ndugu mwenye kazi mjini. Alikuwa na kikapo na kiatu kimoja kilichofungwa na kamba.

Karani alimutazama toka juu mupaka chini. "Kesi ya mali? Rudi na bwana yako."

Akajibu, "Bwana yangu iko kaburini. Unataka nimulete?"

Karani akakamata kalamu. Akaandika. Mama Feza akaweka kidole kwenye wino, na karatasi ya Leta ikaja mupaka kwetu, ikimuita Kisimba kwa jina lake lote. Siku ile bwana yangu hakumaliza bugali.

Halafu walimurudisha mara ine. Mara juge, njo hakimu, iko safari. Mara karatasi imeisha. Mara leo ni salongo, kila muntu anaenda kufagia barabara ya Leta. Sisi tulikuwa tunarudi nyumbani tunacheka. Yeye alikuwa anabaki pale kwenye baraza mupaka walinzi wafunge mulango. Mulinzi mumoja akamuambia, "Mama, si wamesema juge iko safari?"

"Basi nitamungoja hapa, ajue wa kwanza ni mimi."

Wakuu, mimi nilikuwa adui yake, lakini siku ile tumbo langu lilisema: huyu si muntu wa kuchezea.

Siku ya kesi ilifika. Juge alikuwa muntu mufupi, abakosti, ile koti isiyo na tai, imefungwa mupaka kooni, miwani ya dhahabu. Wakati ule hakukuwa bwana wala madame, sisi wote tulikuwa raia, sitwayen na sitwayene, hata kama huna chumvi nyumbani.

Juge naye alianza kama wazee. "Sitwayene, familia ni familia. Kamata nusu, murudi nyumbani mukiongea."

"Sikupanda nusu. Sitakamata nusu."

Juge akatoa miwani. Akaipangusa. Akairudisha. "Haya. Sitwayen Kisimba, mulipanda namna gani?"

Kisimba alikuwa anajua kuongea, hiyo simunyimi. "Tulipima na hatua, sitwayen juge. Kaka anatembea hatua kumi na mbili, anasimama, mimi ninachimba shimo. Hatua kumi na mbili, shimo. Mupaka mwisho."

Karani akaandika.

"Na weye, sitwayene?"

"Na kikwembe."

Nyumba yote ilicheka. Kisimba akapiga paja. "Kesho atatuambia alichimba na kijiko!"

Mama Feza akafungua kikapo. Akatoa kikwembe cha zamani, kile kitenge cha kujifunga, rangi yake ilikuwa bluu, sasa kimekuwa kama majivu. Wanamuke wote mule ndani tuliacha kucheka, sababu sisi tunajua. Mwanaume anapima na hatua. Mwanamuke aliye peke yake shambani, mutoto tumboni, anavua kitambaa cha juu, anakitandika chini, anahesabu.

"Vikwembe vitano toka mugazi mupaka mugazi," akasema. "Lakini andika na hii pia. Mistari miwili ya mwisho nilikosea."

Juge akainama. "Ulikosea nini?"

"Nilipofika mwisho wa mustari wa ine, uchungu ulinikamata. Feza alizaliwa palepale, kila muntu wa familia anajua. Nilipasua ncha ya kikwembe, upana wa shibiri moja, nikamufunga nacho. Baada ya siku kumi nikarudi kumaliza, sababu miche ilikuwa inakauka. Kikwembe kilikuwa kimepungua, mimi nikahesabu tena vitano. Kichwani mwangu vitano ni vitano. Migazi ikabanana."

Akakunja kikwembe mara mbili. Halafu akasema neno ambalo lilimuuma kuliko kesi yenyewe.

"Ile mistari miwili inazaa kidogo. Inanyimana jua. Miaka yote niliambia wantu ni udongo mubaya. Si udongo. Ni mimi."

Kisimba alimunong'oneza binamu yake, "Amejimaliza." Na mimi niliwaza vile. Muntu anaenda mbele ya Leta kutafuta haki, anaanza kujishitaki mwenyewe?

Juge hakucheka. Akamuambia karani aandike yote, na muhuri juu. Halafu akasema, "Juma ijayo tunaenda kule shambani."

Tulivuka Lukuga sisi wote. Juge na viatu vyake vya kung'aa, karani na meza ndogo kichwani, wazee, majirani, na wale ambao hawana kesi lakini wanapenda kesi za wengine.

Kisimba alianza. Mustari wa kwanza: hatua kumi na mbili, sawasawa. Alitabasamu. Mimi nilijua sababu ya lile tabasamu. Juma ile yote alikuwa anavuka kule kujizoeza, lakini alijizoeza kwenye mistari ya mbele tu, penye kivuli na njia safi.

Juge akamupeleka mustari wa tano.

Moja, mbili, tatu... kumi. Hatua ya kumi na moja, pua ya bwana yangu ikagusa mugazi.

"Rudia," juge akasema.

Akarudia, na hatua ndogondogo kama kuku anayetembea juu ya makaa. Hapo zilikuwa kumi na ine.

"Sitwayen, nini imetokea?"

Kisimba akatazama chini. "Udongo... udongo umejikunja."

Karani alicheka mupaka kalamu ikaanguka kwenye majani, tukaitafuta sisi wote.

Halafu zamu ya kikwembe. Juge akasema, "Ncha moja ashike Mama Feza. Ncha ingine ashike muntu wa upande wa Kisimba, ili kusiwe maneno."

Kisimba akanisukuma mgongoni. Akaninong'oneza bila kufungua midomo, "Legeza."

Wakuu, niliahidi kweli, basi mukamate kweli. Mara ya kwanza, palepale kwenye mustari wa tano, nililegeza. Nilikunja vidole, nikaiba kidogo, kipimo kikakosa kufika kwenye mugazi.

Mama Feza hakupiga kelele. Alinitazama tu kule mwisho wa kikwembe, akasema polepole, "Mudogo wangu, asubuhi ulikula nini?"

Nilikula sombe. Na mafuta yaliyokuwa ndani ya ile sombe ni yeye aliyeniletea, chupa nzima, katikati ya kesi, sababu mutoto wangu wa pili alikuwa anakataa chakula. Aliniletea kwa mulango wa nyuma, Kisimba asione. Na mimi nilipokea, nikapika, nikalamba mwiko, halafu nikaja kushika kikwembe chake kwa uwongo.

Nilinyoosha vidole.

"Turudie, Yaya," nikasema.

Akatoa kile kipande cha Feza, alikuwa nacho ndani ya kikapo, cheupe kwa kufuliwa. Akakishona kwa muiba kwenye ncha kilipopasukia, nyuzi zikakutana na nyuzi. Tukarudi mwanzo, tukapima mistari ine ya kwanza. Vitano, vitano, vitano. Nilikivuta mupaka mikono ikauma, na ncha ilikuwa inakufa kwenye shina la mugazi kama imeandikwa pale.

Tulipofika mustari wa tano, akachomoa muiba, akatoa kipande. Kikwembe kifupi. Vitano.

Mustari wa sita. Vitano.

Kosa lake lote lilisimama pale mbele ya Leta, migazi kumi na mine iliyobanana, na hakuna muntu mwingine duniani angeweza kukosea vile isipokuwa yeye aliyezalia pale.

Juge akatoa miwani tena, akamuambia karani, "Andika kwamba vipimo vimekubaliana na maneno yake." Halafu akamutazama mama yule, na akamusalimia na mikono miwili. Juge, na mikono miwili! Niliona.

Hukumu walisoma siku ingine kwa kifaransa, halafu karani akatufasiria: migazi yote arobaini na miwili ni ya sitwayene huyu, muntu asimusumbue tena.

Bwana yangu hakuongea na mimi mwezi muzima. Alikula peke yake, akalala anageukia ukuta. Nilimuacha. Ukuta haujui kupika, akarudi.

Sasa, munataka somo? Mimi nilijifunza hili. Tulifikiri muntu anashinda kesi kwa kuficha ubaya wake. Yeye alishinda sababu alitoa aibu yake ya miaka kumi na miwili, akaiweka juu ya meza, na aibu ile njo ilikuwa shahidi. Mimi nilijitoa benchi ya Kisimba siku ile, hata kama nilibaki nyumbani mwake. Na binti zangu wote, wanne, niliwapeleka kupanda miti yao wenyewe, na kila mumoja anajua alipima na nini.

Najua humu kuna wale watakaosema, si angekamata nusu, amani iwe? Andikeni tu hapo chini, nitasoma moja moja, na nitawajibu. Na wale waliosimama mbele ya tribunale kudai cha kwao, waandike pia, nataka kusikia walisimama namna gani.

Lakini kwa hao wa nusu, mujue kwamba Kisimba na wazee walirudi kwake tena. Hukumu ilikuwa imekwisha, muhuri umekauka. Walikuja na mbuzi, wakakaa chini, na muzee mukubwa akasema kwa sauti ya kulia, "Mama Feza, kwa Leta umeshinda. Sasa sisi ni familia. Bakia na nusu, nusu utupatie kwa mapenzi tu."

Aliingia nyumbani. Akatoka na bidoni, njo dumu, ya mafuta ya mawese, imejaa mupaka shingoni, akaiweka mbele ya Kisimba. Kamba ya mbuzi akairudisha mukononi mwa muzee. Halafu akakaa kwenye kiti chake kidogo, akavuta kikapo cha ngazi, akaanza kupukuchua, na bila kuinua kichwa akasema:

"Sikupanda nusu. Sitakamata nusu."